Msaidizi Rika: Kuajiriwa kwa Sababu ya Uliyoyapitia

Katika huduma za afya za Marekani kuna kazi moja inayomtaka mwombaji awe na jambo ambalo kwingineko angelificha asinyimwe kazi. Lazima awe amewahi kuugua akili, au kuzama katika pombe au dawa za kulevya, kisha akapata nafuu, na awe tayari kulisema hilo waziwazi. Asiye na historia hiyo haichukui kazi hii hata awe na shahada tatu.

Mwenye kazi hiyo hapa tutamwita msaidizi rika. Kwenye matangazo ya ajira utaikuta kwa jina la peer support specialist, na upande wa uraibu mara nyingi huandikwa recovery coach. Utamkuta katika kliniki za afya ya akili za jamii, katika timu zinazowafuata wagonjwa majumbani, katika nyumba za upataji nafuu, vituo vya mchana, vyumba vya dharura vya hospitali, hata magerezani. Haandiki dawa, hatoi tiba ya saikolojia, wala hamwambii mtu ugonjwa wake unaitwaje. Anakaa na mtu aliye mahali ambapo yeye mwenyewe aliwahi kuwa, na kuwapo kwake pale ni ushahidi kwamba kutoka kunawezekana. Kisha anatembea naye katika mambo ya kila siku: kupanda basi kwenda kliniki, kumuuliza daktari swali lililokwama kooni, kujaza fomu ya nyumba, kurudi msikitini au kanisani baada ya miezi ya kujifungia ndani.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili walioko Marekani wanaoifikiria kazi hiyo. Ni wengi kuliko wanavyodhaniwa. Wakongomani waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale sasa wako Louisville, Boise, Portland ya Maine na miji mingine mingi, na pamoja nao wako Watanzania, Wakenya, Warundi na Wanyarwanda. Wanapougua, mara nyingi huzungumza na daktari kupitia sauti ya mkalimani kwenye simu. Mtu anayejua lugha yao, anayejua maana ya kuishi kambini, na ambaye mwenyewe amewahi kukosa usingizi wiki nzima akisikia sauti, anaweza kufungua mlango ambao mkalimani huyo hawezi kuufungua.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwishoni mwa karne ya 18, katika hospitali ya Bicêtre jijini Paris, msimamizi Jean-Baptiste Pussin, aliyewahi kulazwa humo humo kwa maradhi ya mwili, alichagua wahudumu kutoka miongoni mwa wagonjwa waliopona. Daktari Philippe Pinel alilisifu jambo hilo, kwa kuwa watu hao waliwatendea wenzao kwa upole. Mwaka 1935, mjini Akron, Ohio, Bill Wilson na daktari Bob Smith, wote wawili walevi, waligundua kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake, na hapo likazaliwa shirika la Alcoholics Anonymous. Katika miaka ya 1970 watu waliotoka hospitali za akili za Marekani wakaanza kujipanga na kudai sauti; kitabu cha Judi Chamberlin cha 1978, On Our Own, kilieleza jinsi wagonjwa wanavyoweza kuendesha huduma zao wenyewe.

Mengi ya hayo yalikuwa ya kujitolea. Yaligeuka ajira pale mtu alipopatikana wa kulipa. Mwaka 1999 jimbo la Georgia lilianza kulipia kazi ya wasaidizi rika kupitia Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo. Tarehe 15 Agosti 2007 serikali kuu ikawaandikia barua wakurugenzi wa Medicaid wa majimbo yote: mnaweza kulipia kazi hii, kwa masharti matatu. Msaidizi awe na msimamizi mwenye sifa, kazi yake iwe sehemu ya mpango wa huduma wa mtu anayemsaidia, na awe amepata mafunzo na cheti. Ukifahamu masharti hayo matatu utaelewa sehemu kubwa ya utakayokutana nayo kazini, pamoja na makaratasi yatakayokuchosha.

Afrika Mashariki nayo imo. Katika hospitali ya Butabika, Kampala, watu waliowahi kulazwa wamefunzwa kuwatembelea wanaoruhusiwa kurudi nyumbani. Mradi wa utafiti uitwao UPSIDES, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, uliijaribu kazi hii Kampala na Dar es Salaam sambamba na miji ya Ujerumani, India na Israeli. Shirika la Users and Survivors of Psychiatry in Kenya limeunda vikundi vya wenye ulemavu wa kisaikolojia wanaosaidiana wenyewe. Zanzibar, soba hausi, yaani nyumba za wanaoacha dawa za kulevya, huendeshwa kwa sehemu kubwa na watu walioacha heroini. Na yeyote aliyewaona waelimishaji rika wa VVU kwenye kliniki za kwetu, wakimshika mkono mama aliyepewa majibu asubuhi ileile, tayari ameiona kazi hii ikifanyika. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaodhani ni mtindo wa Wazungu usiowahusu.

Njia ya kuingia

Sheria ni za jimbo, si za nchi nzima. Anza kwa kuuliza ofisi ya afya ya akili ya jimbo lako ni nani anayetoa cheti, kwani mara nyingi ofisi hiyo huwa imekabidhi kazi kwa shirika jingine. Mwaka 2023 idara ya serikali kuu inayohusika na afya ya akili na uraibu, SAMHSA, ilitoa viwango vya mfano: mafunzo ya saa 40 hadi 60, na saa 120 za kazi chini ya usimamizi. Majimbo hayalazimiki kuvifuata, kwa hiyo kwako saa zinaweza kuzidi au kupungua. Baada ya mafunzo kwa kawaida kuna mtihani.

Uliza mambo manne kabla hujalipa hata dola moja. Je, kuna ufadhili wa ada? Mara nyingi upo, na usipouliza hutaambiwa. Je, cheti cha sekondari ni lazima? Viwango vya SAMHSA vinashauri mwombaji apimwe uwezo wa kusoma na kuzungumza lugha atakayoitumia kazini, asidaiwe vyeti vikubwa, na ushauri huo unamfaa sana mtu aliyesomea kambini na kupoteza karatasi zake. Je, rekodi ya polisi inazuia? Mahali pengi si kizuizi cha moja kwa moja, kwani wengi waliotoka kwenye uraibu walipita jela. Lakini kila jimbo na kila mwajiri ana orodha yake ya makosa. Na mwisho, cheti hiki kinahusu afya ya akili, uraibu, au vyote viwili? Katika baadhi ya majimbo ni vyeti tofauti. Wazazi waliolea mtoto mwenye ugonjwa wa akili nao huwa na cheti chao.

Swali ambalo hakuna ofisi itakayokujibu ni kama wewe mwenyewe uko tayari. Majimbo mengine hudai mwaka mmoja au zaidi wa ahueni, lakini kalenda haitoshi. Jipime hivi: unaweza kumsikiliza mtu akieleza usiku ule ule uliokuangusha, ukarudi nyumbani ukala, ukalala? Ukiona bado unatetemeka, subiri. Vikundi vya kusaidiana visivyo na malipo ni mahali pazuri pa kusubiria.

Namna ya kuitumia hadithi yako

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo wengi huteleza. Wanadhani wameajiriwa kusimulia. Wameajiriwa kusikiliza, na hadithi yao hutolewa kipande kidogo tu, pale inapomsaidia anayesikia.

Tuseme mzee mmoja aliyeishi Nyarugusu miaka mingi ameanza dawa za sonona wiki tatu zilizopita. Msaidizi rika wake ni mwanamke mwenye umri wa binti yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Zile dawa naziacha. Zinanilaza kama gogo. Mwanamume hawezi kuwa kitandani saa nne asubuhi, watoto wanapita wanamtazama."

Jibu linalokuja haraka ni hili: "Usithubutu, mzee. Mimi niliziacha nikarudishwa hospitali na polisi." Ni kweli tupu, na bado halifai. Limemtisha, limemwamuru mtu mzima aliyemzidi umri, na limehamisha mazungumzo kutoka kwenye aibu yake kwenda kwenye balaa la msemaji. Mzee ataitikia kwa heshima, kisha dawa atazitupa.

Sasa sikia jibu la pili: "Pole, mzee. Mimi pia zilinilaza, nikawa naona haya mbele ya wanangu. Nilipomweleza daktari, alinibadilishia saa ya kuzimeza. Kwako sijui itakuwaje. Mnaonana naye Alhamisi. Tukae sasa tuandike unachotaka kumwambia?"

Habari zake yeye ni sentensi mbili, na zote zinahusu jambo lile lile lililomuuma mzee, yaani usingizi wa dawa na haya mbele ya watoto. Hakusema dawa ni nzuri wala mbaya. Alikiri kwamba mwili wa mzee si sawa na wake. Kisha akarudisha neno kwa mwenyewe kwa swali linaloweza kujibiwa leo. Ukitaka kujifunza kazi hii, fanya zoezi hilo na rafiki: mwambie akupe lalamiko moja, nawe ujibu kwa sentensi mbili tu za maisha yako, kisha umalizie kwa swali.

Yapo mambo ya kuacha nje kabisa. Usitaje njia uliyotumia kujaribu kujiua, wala kiasi cha dawa ulichokuwa ukitumia, bei yake au mahali ulikoinunua. Maneno hayo huamsha kiu kwa anayepambana. Usisimulie kwa undani mauaji uliyoyaona, maana anayekusikiliza huenda aliyaona pia na hajalala tangu wakati huo. Na kumbuka kwamba sehemu ya hadithi yako ni mali ya wengine. Mume wako, dada yako na watoto wako hawakusaini kokote kwamba mambo yao yazungumzwe kliniki.

Imani inahitaji uangalifu wa pekee. Utakutana na watu wanaosema ni majini, ni kurogwa, ni dhambi ya babu. Usibishane nao, wala usiwacheke mbele ya wataalamu. Uliza: lilianza lini, nini kiliwahi kukupa nafuu, nani anakuombea sasa? Kama maombi yalikusaidia wewe, sema yalikusaidia wewe. Kumpeleka mtu kwa mchungaji wako au kwa shehe wako ni kuvuka mpaka, hata nia iwe njema kiasi gani.

Siri mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake

Vitabu vya mafunzo vimeandikwa kana kwamba msaidizi na anayesaidiwa hukutana ofisini tu. Jamii zetu haziko hivyo. Mtu uliyekaa naye Jumanne akilia, Jumamosi mko naye kwenye harusi moja, mko kwenye kundi moja la WhatsApp la michango ya msiba, na shangazi yake ni mama mkwe wa jirani yako. Hofu ya kusemwa ndiyo inayowafanya wengi wetu tuugue kimyakimya. Neno likivuja mara moja tu, hakuna Mswahili mwingine atakayekanyaga kliniki ile kwa miaka.

Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa mweleze mambo mawili. La kwanza ni mipaka ya siri. Sheria ya HIPAA ya 1996 inalinda habari zake za afya, na rekodi za matibabu ya uraibu zina ulinzi wa ziada. Lakini ukisikia kwamba anataka kujidhuru au kumdhuru mtu, au kwamba mtoto anaumizwa, hutaweza kunyamaza. Mwambie kabla hajakusimulia lolote, asije akaona umemsaliti. La pili ni swali la kawaida ambalo watu hulisahau: "Mama, tukikutana msibani au sokoni, ungependa nikusalimu, au nipite kama sikukuona?" Atakachojibu ndicho utakachofuata, hata kama ni kupita.

Andaa pia jibu la wadadisi. Mtu atakuuliza, "Hivi yule mama wa Goma anakuja kwenu?" Ukisema hapana leo na kesho ukanyamaza kwa mwingine, umeshajibu. Jibu liwe lile lile kwa kila mtu: "Mambo ya kazini siyazungumzi, na wewe ungekuwa unakuja kwetu ungefurahi kwamba siyazungumzi." Usipige picha. Usiweke namba za unaowasaidia kwenye simu ya familia inayochezewa na watoto.

Ukipewa ndugu yako, au mtu wa kikundi chako kidogo cha kanisani, mwambie msimamizi siku hiyo hiyo ampe mwingine. Kuhusu fedha, sera nyingi za kazini zinakataza kukopa na kukopesha, na zina haki, kwani deni hugeuza usawa kuwa utumwa. Chakula ni jambo jingine. Ukiingia nyumbani kwa Mkongomani ukakataa sahani ya sombe (kisamvu) umemtukana, na sera iliyoandikwa na mtu asiyejua hilo itakuambia usipokee zawadi. Zungumza na msimamizi mapema, mweleze desturi, na mwombe akubali kwa maandishi kwamba kula chakula unachokaribishwa kwenye ziara si kosa.

Kisha kuna ukalimani. Siku moja daktari atakuita: "Wewe si unajua Kiswahili? Njoo unitafsirie." Usikubali kwa mtu unayemsaidia. Mkalimani anatakiwa kusema kila neno bila kuongeza wala kupunguza, na msaidizi rika yuko chumbani ili asimame upande wa mtu. Huwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Kliniki inayopokea fedha za serikali kuu ina wajibu, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, wa kuwahudumia wasiojua Kiingereza kwa njia inayoeleweka, na wajibu huo ni wake. Sema kwa upole: "Naomba mpigieni mkalimani, mimi nitakaa karibu na mzee."

Mtu anapokuwa hatarini

Ukiwa na wasiwasi kwamba mtu anafikiria kujiua, muulize kwa maneno yasiyozunguka: "Je, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumwingizii mtu wazo kichwani; kwa wengi ni mara ya kwanza kupata pa kulitua. Akikubali, usimwache peke yake, na mpigie msimamizi mkiwa pamoja. Nje ya saa za kazi, tangu Julai 2022 namba 988 inafanya kazi kote Marekani, mchana na usiku, bila malipo. Wanapokea kwa Kiingereza na Kihispania, na kwa njia ya simu wanaweza kuunganisha mkalimani. Wafundishe unaowasaidia kutamka neno moja la Kiingereza watakapopokelewa, "Swahili", na kusubiri. Walioacha ndugu zao Kenya wanaohangaika na uraibu wawape namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya: 1192.

Upande wa uraibu, beba dawa ya naloksoni ya kupuliza puani, maarufu kwa jina la Narcan. Tangu Machi 2023 imeruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari, na idara nyingi za afya huitoa bure. Humrudishia pumzi aliyezidiwa na heroini au fentanili. Ukishampulizia piga 911, maana nguvu ya naloksoni inaweza kuisha kabla ya ile ya sumu.

Dakika kumi na tano

Mara nyingi Medicaid hulipia kazi hii kwa vipande vya dakika 15, na kila kipande kinahitaji maelezo ya maandishi. Bila maelezo kliniki hailipwi, na kliniki isiyolipwa hupunguza wafanyakazi. Ukiandika "Tuliongea vizuri, anaendelea vyema", umeandika hewa. Andika hivi: "Saa 4:00 hadi 4:45 asubuhi, nyumbani kwake. Lengo kwenye mpango: kurudi kwenye shughuli za jamii. Alisema anaogopa basi. Nilimweleza kwa ufupi jinsi nilivyoanza kwa kituo kimoja. Tulipanda pamoja vituo viwili. Alisema, 'Nimeweza.' Jumatatu atajaribu vinne, nami nikiwa naye." Tumia maneno aliyoyasema mwenyewe. Usiandike "hana ufahamu" au "mkaidi". Ana haki ya kuisoma rekodi yake. Kuna wasaidizi rika wanaoandika maelezo wakiwa wamekaa na mwenye rekodi, akiona kila neno, na mimi naona huo ndio utaratibu bora kuliko wote.

Muulize mwajiri, kabla hujasaini, unatakiwa kutimiza saa ngapi za kulipiwa kwa wiki, na kama muda wa kuendesha gari na kuandika unahesabiwa. Muulize pia msimamizi wako atakuwa nani na mtakutana mara ngapi. Mahali ambapo msaidizi rika yupo peke yake kati ya wataalamu, huwa katika hatari ya kugeuzwa dereva, au mtu wa kuwabembeleza wagonjwa wameze dawa. Si dharau ya makusudi. Hawajui tu umeajiriwa kufanya nini. Msimamizi mzuri atawaeleza, hasa kama yeye mwenyewe aliwahi kuifanya kazi hii.

Na wewe utaugua tena pengine. Mafunzo mengi hufundisha mpango wa ahueni ulioanzishwa na Mary Ellen Copeland na wenzake Vermont mwaka 1997, uitwao WRAP: unaandika ukiwa mzima dalili zako za mwanzo, yanayokusaidia, na watu wa kuitwa ukishindwa kuamua. Andika wako kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo mkeo au mumeo atayaelewa. Sheria ya 1990 ya watu wenye ulemavu inakuruhusu kuomba marekebisho kazini, kama kuanza saa nne badala ya saa mbili kwa sababu ya dawa za usiku. Ukiteleza ukatumia tena, sema mapema. Waajiri wengi katika sekta hii wana utaratibu wa kukupumzisha na kukurudisha, na kuficha ndiko kunakomaliza kazi.

Kabla hujasema hadharani, na kabla ya mshahara wa kwanza

Mafunzo mengi yanagusia mambo haya mawili kwa haraka au hayayagusi kabisa, na yanaweza kukugharimu sana.

Kama wewe si raia, kukiri mwenyewe kwamba ulitumia dawa za kulevya kunaweza kukuharibia kesi ya uhamiaji, hata kama hujawahi kushtakiwa. Bangi imo, hata katika jimbo linaloiruhusu, kwa kuwa uhamiaji hufuata sheria ya nchi. Kwa hiyo kabla hujatoa ushuhuda kwenye video, gazeti au mkutano, zungumza na mwanasheria wa uhamiaji, na mashirika mengi ya kupokea wakimbizi yanaye au yanajua wa bei nafuu. Ndani ya kliniki unaweza kuzungumza kwa ujumla, "nilipokuwa kwenye uraibu", bila kutaja dawa, mwaka wala nchi. Waliopitia ugonjwa wa akili pekee, au pombe, hawaguswi na kifungu hicho cha dawa, ila pombe iliyoambatana na kesi za kuendesha gari nayo ipelekwe kwa mwanasheria.

La pili ni kwa wanaopokea fedha za ulemavu. Wengi hukataa kazi wakiogopa kupoteza kila kitu, na hesabu yenyewe haitishi hivyo. Kwa SSI, fedha za ulemavu za watu wa kipato kidogo, kama huna kipato kingine, dola 85 za kwanza za mshahara wa mwezi hazihesabiwi, na iliyobaki inahesabiwa nusu. Ukipata dola 500, ondoa 85, zinabaki 415. SSI yako itapungua dola 207.50, kwa hiyo mfukoni umeongeza karibu dola 300. Kwa SSDI, ile ya waliowahi kufanya kazi na kuchangia, kuna miezi 9 ya majaribio, inayoweza kutawanyika ndani ya miaka mitano, ambayo unalipwa fedha zako zote hata mshahara uwe mkubwa. Kila jimbo lina washauri wa bure wa mafao wanaolipwa na Social Security, idara inayotoa fedha hizo. Kaa na mmoja kabla ya siku ya kwanza ya kazi, siyo baada. Ukishaanza, peleka taarifa ya mshahara kila mwezi, omba stakabadhi, na zitunze zote kwenye bahasha moja. Barua ya kudaiwa malipo yaliyozidi inaweza kuja baada ya miaka miwili, na bahasha hiyo ndiyo itakayokujibia.